Wauguzi wana daftari la siri: nimwombe mkurugenzi awalazimishe kutumia mfumo?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Nimekuwa nikiisoma safu yako kimyakimya. Leo naandika kwa sababu nimefika ukingoni.

Mimi ni mkuu wa idara ya TEHAMA katika hospitali kubwa ya rufaa, na sijakaa sana kwenye kiti hiki. Nilitoka benki, ambako nilisimamia mifumo ya malipo, na kazi ile niliimudu. Kule mfumo ukibadilishwa watu hunung'unika kidogo, kisha huzoea, maana hakuna njia nyingine ya kumhudumia mteja. Nilidhani hospitalini mambo yatakwenda hivyohivyo.

Mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa ulinunuliwa kabla sijaajiriwa, mimi nikakabidhiwa kuuwasha. Tulianza na wodi mbili za majaribio, ya watoto na ya upasuaji. Sasa mkurugenzi mtendaji ameshaiahidi bodi kwamba hospitali nzima itaingia kwenye mfumo siku moja. Tarehe imepangwa na hafla ya uzinduzi imeandaliwa.

Shida zangu ni hizi. Nimegundua kwamba wauguzi wa wodi ya watoto wana daftari. Zamu nzima wanaandika dawa na vipimo humo, na zamu ikikaribia kwisha mmoja wao anakaa kwenye kompyuta na kuingiza yote kwa mkupuo. Ripoti zangu zilikuwa zinaonyesha wodi ile inaongoza kwa matumizi ya mfumo, kumbe ni maigizo. Nilipomuuliza matroni akanijibu, "Mwanangu, mgonjwa hasubiri kompyuta iamke." Niliona amenidharau.

Halafu kuna madaktari. Bingwa mmoja wa upasuaji alisema kikaoni, mbele ya watu wote, kwamba yeye hakusomea ukarani. Wenzake wakacheka. Tangu siku ile maelekezo yake ya dawa yanaingizwa na daktari aliye mafunzoni, tena kwa nenosiri la bingwa mwenyewe.

Na kikosi changu kimechoka. Nina kijana mmoja ambaye ndiye pekee anayeujua mtandao wetu wote, pamoja na namna mfumo mpya unavyowasiliana na mashine za maabara. Simu yake haizimwi. Mimi mwenyewe usiku huwa naingia kwenye seva kumsaidia, kwa sababu nikishinda vikaoni tu najiona sijafanya kazi.

Nimeandika rasimu ya barua kumwomba mkurugenzi atoe waraka: madaftari yote yakusanywe, na daktari asiyeingiza maelekezo yake mwenyewe achukuliwe hatua. Rafiki yangu mmoja anasema nitakuwa nimetangaza vita. Mwingine anasema kiongozi asiyeogopwa hasikilizwi. Nimpelekee mkurugenzi barua hiyo, au nirudi zangu benki?

Mimi,
Niliye kwenye Kiti cha Moto

*

Dada yangu,

Barua hiyo usiipeleke. Nenda kwanza kaliombe lile daftari.

Nimesema uliombe, si ulikamate. Nenda wodini zamu ya usiku, bila kikosi chako na bila mtu wa kampuni iliyowauzia mfumo, umwambie muuguzi wa zamu kwamba unataka kujua kwa nini daftari linamfaa kuliko mashine yako. Kisha kaa pembeni utazame. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe umekuwa ukikiangalia kitanda hiki kupitia ripoti za skrini. Tazama kompyuta ziko wapi na vitanda viko wapi. Hesabu ni hatua ngapi muuguzi anatembea kila anapotaka kuandika joto la mtoto mmoja. Angalia kuingia kwenye mfumo kunachukua muda gani, na mara ngapi unamtoa nje kwa sababu alienda kumshika mtoto anayetapika. Angalia kama dawa ya mtoto, inayopimwa kwa uzito wake, inaweza kuandikwa bila kufungua dirisha lingine kutafuta uzito huo. Mstari mmoja wa daftari unaonyesha mahali mfumo ulipomshinda mtu mwenye kazi mikononi. Mimi nimekikalia kiti kama chako, na nakwambia hakuna mshauri wa kulipwa atakayekuletea ripoti ya kweli namna hiyo.

Usinielewe vibaya: daftari lile ni hatari. Dawa iliyotolewa saa nne usiku ikiingizwa saa kumi na moja alfajiri, daktari anayefungua skrini saa saba usiku anaona mtoto hajapewa kitu, na anaweza kuagiza dozi nyingine. Kwa hiyo lazima liondoke. Lakini ukilikusanya kwa waraka, halitaondoka. Litahamia kwenye vikaratasi mifukoni na kwenye viganja vya mikono, mahali ambapo hutaliona tena. Sasa hivi una bahati kwamba liko mezani.

Benki ilikufundisha mengi mazuri, ila kitu kimoja ukiache huko. Muamala uliokosewa hurudishwa kesho yake mteja akalalamika akaombwa radhi. Dozi iliyokwisha ingia kwenye mshipa hairudishwi. Ndiyo maana watu wa hospitali wanapouona mfumo mgeni hawaulizi kwanza kama unafanya kazi. Wanauliza utawachelewesha wapi. Matroni hakukudharau. Alikutajia sharti la kiufundi, kwa sentensi moja, bure.

Nikueleze kisa ambacho kila mkuu wa teknolojia hospitalini anapaswa kukijua kama jina lake. Oktoba 2002, hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliwasha mfumo wa kuagiza dawa kwa kompyuta katika hospitali nzima kwa muda wa siku 6. Watafiti wa hospitali hiyohiyo walichapisha matokeo mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics. Miongoni mwa watoto mahututi waliohamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine, vifo vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi asilimia 6.57. Utafiti huo umebishaniwa sana, na kupanda kwa vifo kulikotokea sambamba na mfumo hakutoshi kuuhukumu mfumo peke yake. Ila waliyoyaeleza kuhusu kazi ya wodini ndiyo yanayokuhusu. Zamani mtoto akiwa bado njiani, daktari na muuguzi waliagiza dawa mapema zikamsubiri. Mfumo mpya haukuruhusu agizo lolote hadi mtoto afike na kusajiliwa. Dawa zilizokuwa zikihifadhiwa karibu na wodi zilihamishiwa famasia kuu. Wauguzi waliokuwa kando ya kitanda wakajikuta mbele ya skrini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ungekiita hitilafu ya programu. Seva zingeweza kuwa nzima kabisa, na ripoti zako zote zikawa za kijani.

Hospitali ya watoto ya Seattle nayo iliwasha mfumo kutoka kwa muuzaji huyohuyo. Ikapima, haikuona ongezeko la vifo. Moja ya tofauti zilizotajwa na waliolinganisha hospitali hizo mbili ni kwamba Seattle waliandaa mapema seti za maelekezo, yaani daktari anachagua hali ya mtoto na orodha ya dawa na vipimo inajitokeza tayari, badala ya kutafuta kimoja kimoja mtoto akiwa anapumua kwa shida. Bidhaa ilikuwa moja, maandalizi yakawa tofauti.

Sasa tuje kwa bingwa wako. Alivyosema ni kejeli, na wenzake kucheka hakukuwa uungwana. Lakini chini ya kejeli ile kuna jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika Annals of Internal Medicine, uliowafuatilia madaktari wa Marekani kliniki, ulionyesha kwamba kwa kila saa moja waliyokaa na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine zilikwenda kwenye kompyuta na kazi za mezani. Mtu aliyefundishwa kupasua akiona siku yake inaliwa namna hiyo, atatafuta maneno ya kuumiza, na wewe ndiye uliyekuwa umekaa mbele yake. Usimjibu kikaoni. Mwombe akuruhusu umfuate siku moja ya kazi, kisha umuulize ni upasuaji gani anaoufanya mara nyingi zaidi, na mtengeneze naye seti ya maelekezo ya upasuaji huo. Wapinzani wenye sauti mara nyingi huwa walinzi wazuri wa mfumo wakishaona mkono wao umo ndani. Si wote. Wengine ni wakorofi tu, na utawajua kwa sababu hata ukiwapunguzia kazi bado watalalamika.

Na kama mfumo wenu unamrushia onyo kila anapobofya, lipunguze hilo kabla hujamlaumu kwa lolote. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliona kwamba madaktari hupuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo ya usalama wa dawa. Mtu aliyeonywa juu ya kila kitu hasikii hata lile onyo moja litakalomwokoa mgonjwa. Kaa na mfamasia mkuu, muamue yapi yabaki. Usiamue peke yako, wewe si mfamasia.

Jambo la nenosiri ni tofauti kabisa, na hapo nataka uwe mkali. Agizo likiingizwa kwa jina la bingwa na mkono wa mwanafunzi wake, siku dozi ikikosewa hakuna atakayeweza kusema nani aliamua. Kijana yule ndiye atakayeumia kwanza. Mpe kijana nenosiri lake, agizo lake lisubiri idhini ya bingwa, na idhini hiyo iwe ya kubofya mara moja. Ukishaondoa usumbufu, anayeendelea kuazima nenosiri hana kisingizio. Ila wa kumwambia si wewe, wala si mkurugenzi kwa waraka. Ni daktari mkuu wa hospitali. Sisi wa teknolojia tukianza kuwaadhibu madaktari, mfumo unakuwa wetu, na mfumo ukiwa wetu hakuna wodi itakayoulinda. Kila kitu chako kitafutie mmiliki upande wa tiba: maagizo ya dawa yawe ya mfamasia mkuu, kumbukumbu za wodi ziwe za matroni. Wewe unabaki na mashine, na unabaki na dhamana ya kusema kweli kuhusu hatari.

Kuhusu nguvu ya waraka, hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles ilijaribu njia inayofanana na yako. Mwishoni mwa 2002 ilianza kutumia mfumo wake, ulioripotiwa kugharimu dola milioni 34, na madaktari wakatakiwa waingize maagizo yao wenyewe. Walilalamika kwamba unawachelewesha, upinzani ukakusanya mamia yao, na Januari 2003 hospitali ikausimamisha. Uongozi wa hospitali ulikuwa na mamlaka yote ambayo wewe unataka kuyaazima kwa mkurugenzi wako.

Yule rafiki anayesema kiongozi asiyeogopwa hasikilizwi, muulize wauguzi walikuficha daftari kwa sababu gani. Ofisini watu wakikuogopa watakuamkia mapema. Hospitalini wakikuogopa watakuficha makosa, na hayo ndiyo unayalipiwa mshahara uyajue.

Sasa tarehe. Hili ndilo gumu zaidi katika barua yako, ingawa umelipitia haraka. Usiende kwa mkurugenzi na neno "haiwezekani", kwa sababu ameshaiahidi bodi na atakusikia kama mtu anayemwaibisha. Nenda na masharti. Mwambie kila wodi itawashwa pale itakapotimiza mambo yanayopimika: dozi zinaingizwa saa zinapotolewa, mashine za maabara zinarudisha majibu kwa mgonjwa sahihi, kila zamu ina mtu wa wodi hiyohiyo aliyefunzwa kuwasaidia wenzake, na fomu za karatasi za dharura zipo na watu wanajua zilipo. Muombe matroni na daktari mkuu wapewe mamlaka ya kusimamisha uwashaji hata dakika ya mwisho, bila kuulizwa maswali siku hiyo. Hafla yake aibakize, lakini iwe ya wodi zilizo tayari. Mkurugenzi anahitaji kitu cha kuionyesha bodi, na si aibu kumsaidia akipate.

Usimdanganye pia kwamba wodi kwa wodi hakuna hatari. Mgonjwa atakayetoka wodi yenye kompyuta kwenda wodi yenye faili la karatasi anaweza kupoteza nusu ya historia yake koridoni. Hilo lina dawa yake: karatasi moja inayochapishwa kila anapohamishwa, ikakabidhiwa mkononi, muuguzi kwa muuguzi. Liseme wewe kabla hajalisema mpinzani wako.

Kijana wako wa mtandao ananipa wasiwasi kuliko bingwa. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, ulianguka kwa takribani siku nne. Mtafiti mmoja alikuwa anahamisha data nyingi kwa programu yake, na mtandao uliokuwa umekuzwa kipande kwa kipande miaka mingi ukazidiwa. Hospitali ikarudi kwenye karatasi, na wakongwe wakawa wanawaelekeza madaktari vijana ambao hawakuwahi kuandika maagizo kwa mkono. Mkuu wao wa teknolojia, John Halamka, hakulificha jambo. Alieleza hadharani kilichotokea, mafunzo aliyoyapata akayaandika wengine wayasome, na moja kati ya hayo ni kwamba mtu mmoja katika idara asiachwe awe ndiye pekee anayejua. Aliendelea kushika kiti chake miaka mingi baadaye. Nadhani uwazi ule ulimsaidia kuliko ufundi wowote.

Basi mtenganishe kijana wako na simu yake. Mpe likizo ya kweli kabla ya uwashaji, si baada, na kabla hajaondoka akae na wenzake wawili wachore mtandao mzima. Atakapokuwa hayupo mtaona mapengo yako wapi. Hiyo ni njia rahisi ya kuyajua kuliko kuyajua akiwa amelazwa au ameajiriwa kwingine.

Wewe nawe uache kuingia kwenye seva usiku. Najua inakupa raha, kwa sababu seva haikukejeli kikaoni. Lakini kila usiku unaoziba pengo kwa mikono yako, mkurugenzi anaamka akiamini idara ina watu wa kutosha. Uchovu wenu ni taarifa ambayo bodi inaihitaji ili itoe bajeti, na wewe umekuwa ukiificha. Andika orodha ya kazi zilizofanywa nje ya saa za kazi na nani alizifanya, uipeleke kama ilivyo, bila kulalamika.

Kwa kuwa ulisimamia mifumo ya malipo, sihitaji kukusomea somo la wadukuzi. Nitataja moja tu. Shambulio lililozima mifumo ya huduma ya afya ya Ireland tarehe 14 Mei 2021 lilianzia kwenye faili la barua pepe lililofunguliwa tarehe 18 Machi. Ripoti huru ya Desemba mwaka huo ilieleza kwamba dalili zilionekana kabla, na kwamba hapakuwa na kiongozi mmoja wa ngazi ya juu mwenye dhamana ya usalama wa mtandao. Muulize mkurugenzi wako, dhamana hiyo ni ya nani? Kama hana jibu, jibu ni wewe, na ulipate kwa maandishi pamoja na mamlaka yake. Halafu fanyeni zoezi la kuzima mfumo makusudi kwenye wodi moja kwa saa mbili, mchana, wote wakijua. Hapo wauguzi wako wa daftari watakuwa walimu wa hospitali nzima, nawe uwape nafasi hiyo waziwazi.

Kuhusu kurudi benki. Andika masharti niliyoyataja, mpelekee kwanza matroni na daktari mkuu wayasome na kuyarekebisha, kisha nendeni wote watatu kwa mkurugenzi. Akikubali hata nusu, baki. Akiyakataa yote na hao wawili wakanyamaza, rudi benki, ila uondoke kabla ya tarehe ile na si baada yake, na umwachie atakayekalia kiti chako hayo masharti, ile orodha ya usiku na mchoro wa mtandao.